Dona nayo ni ugali

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Mbagala, nina kisukari mwaka wa tatu sasa. Nimejitahidi sana. Sembe nimeacha, nakula dona tupu. Chai ya sukari nimeacha, nakunywa uji wa lishe na asali kidogo. Usiku sili kabisa, na kila alfajiri natembea kutoka Rangi Tatu hadi Zakhem na kurudi. Nimeshuka kutoka kilo 93 hadi 85. Natumia metfomini na glibenklamidi, asubuhi na jioni. Asubuhi mashine inasoma 5 na kitu, lakini juzi nilipima saa nane mchana nikakuta 14.2. Mwezi huu jirani ameniletea unga wa mitishamba, na tangu nianze kuutumia nimetetemeka na kutokwa jasho jingi mara mbili nikiwa njiani alfajiri. Anasema ni sumu inatoka. Je, niache vidonge niendelee na unga? Na kwa nini sukari inapanda wakati nakula dona?

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na jasho, maana hilo halingoji. Hiyo si sumu. Dalili hizo ni za sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamidi kazi yake ni kulisukuma kongosho limwage insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Wewe unaimeza jioni, unalala na njaa, halafu alfajiri unaiamsha misuli nayo idai sehemu yake ya sukari. Juu ya hayo yote umeongeza unga.

Ikitokea tena, usijikaze ufike Zakhem. Kaa chini, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, subiri robo saa, upime. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia, na ikishapanda ule kitu. Kama mashine umeiacha nyumbani, kunywa tu, usisubiri kupima. Hiyo sukari tembea nayo mfukoni, au ile glukosi ya unga ya dukani. Najua inachekesha mgonjwa wa kisukari kuambiwa abebe sukari, lakini asiyeibeba ndiye tunayeletewa hapa kwa bajaji akiwa hajitambui.

Unga uache leo. Vidonge usiviache wala usijipunguzie. Kesho nenda kliniki, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, ukamwambie daktari kwamba usiku ulikuwa huli. Hiyo habari peke yake inaweza kubadilisha dozi yako. Dozi ni mamlaka yake, si yangu mimi wa lishe. Na kuanzia jioni ya leo kula kabla ya kidonge: kipande cha samaki, mchicha, na wanga kidogo.

Sasa dona.

Mama, hili neno nalisikia kila siku ya kliniki mpaka naliota. "Mimi nakula dona." Linasemwa kwa fahari, kama mtu anayeonyesha risiti. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alibishana nami miezi minne kwamba mashine yangu ni mbovu kwa sababu yeye sembe hagusi. Nikamwambia siku ya kliniki aje na chakula chake cha mchana. Akaja na hotipoti. Nikaufungua ule ugali, wa moto, umekaa kama kichuguu, nikaupandisha kwenye mizani ya jikoni ninayoitumia kufundishia. Gramu 760. Pembeni palikuwa na kibakuli cha dagaa na mboga kiasi cha kujaza kiganja. Nikampigia hesabu: katika bonge lile kulikuwa na wanga wa karibu gramu 190, na wanga wote huo ukishavunjwavunjwa tumboni unaingia kwenye damu ukiwa sukari. Akanitazama. "Lakini ni dona."

Nayo dona ni ugali. Kinachoitofautisha na sembe ni kwamba pumba na kiini cha mahindi vimebaki. Kwa hiyo ina nyuzinyuzi zaidi, ina vitamini zaidi, choo kinakuwa laini, shibe inakaa. Ni bora kuliko sembe, sibishi, hata mimi nyumbani ndiyo ninayopika. Lakini chukua gramu 100 za unga wa dona na 100 za sembe: zote mbili wanga wake unavuka gramu 70. Isitoshe, punje imeshasagwa ikawa vumbi, halafu ikachemshwa. Kazi ambayo tumbo lingeifanya polepole, mashine ya kusaga imeshaimaliza kule Tandale. Ndiyo maana makande, mahindi yakiwa punje na maharage ndani, huwapandisha wengi polepole kuliko ugali wa mahindi yaleyale.

Kosa si kula dona. Kosa ni kwamba chakula kikishapewa cheo cha dawa, watu huacha kukipima. Mzee yule angekuwa anakula sembe, angemega kidogo kwa woga. Kwa dona anaongeza.

Uji wako wa lishe umo humohumo. Ulezi, mahindi, mchele, soya, karanga, vyote vimesagwa laini na kupikwa mpaka vikalegea, kisha unavinywa kwa kikombe kikubwa ndani ya dakika tano. Uji ule walitungiwa watoto wanaotakiwa kuongezeka uzito! Na asali, mama, ni sukari. Nyuki hakuitengeneza akikufikiria wewe. Asubuhi yai la kuchemsha na kipande cha muhogo wa kuchemsha, au kiporo cha maharage na chai ya rangi isiyo na sukari, vitakufaa zaidi.

Kipimo cha mchana ni ngumi yako. Yako, si ya baba watoto. Ugali, wali, ndizi, magimbi, viazi vitamu: ukikaa sawa na ngumi iliyofungwa, basi. Nusu ya sahani iwe mboga, na hapa Dar hatuna kisingizio, matembele tunayapanda hata kwenye makopo barazani. Robo inayobaki iwe samaki, dagaa, maharage au nyama. Halafu matembezi yako, ambayo nakupa hongera nayo kwa dhati kwa sababu kilo nane si mchezo, yagawe. Dakika kumi na tano za kutembea baada ya kula mchana zitaisaidia ile 14.2 zaidi kuliko alfajiri yote ya Kilwa Road, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu palepale inapoingia.

Na ile 5 ya asubuhi isikulevye. Inakuambia habari za usiku ambao hukula. Omba kipimo cha HbA1c, kinachosoma wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Wengi wetu tunalenga chini ya asilimia 7. Hicho hakidanganyiki kwa kulala njaa siku moja kabla ya kliniki, mchezo ambao wagonjwa wangu wanadhani siujui.

Nirudi kwa jirani yako. Sina ugomvi na miti. Hiyo metfomini unayoimeza chimbuko lake ni mmea, Galega officinalis, uliokuwa ukitumika Ulaya miaka mingi kabla ya kidonge. Ila kidonge kimepimwa: miligramu 500 leo, 500 kesho. Unga wa kopo lisilo na lebo, kijiko cha leo na cha kesho ni vitu viwili tofauti, na wakati mwingine mti wenyewe haumo. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 walifikishwa hospitali sukari zao zikiwa zimeanguka, na wanne walikufa. Hawakuwa hata na kisukari. Chanzo kilihusishwa na dawa za nguvu za kiume, zikiwemo zilizouzwa kama za asili, na ndani mlikutwa glibenklamidi. Ndiyo, hiihii iliyoko kwenye kabati lako. Sasa jiulize kwa nini unga wa aina hii husifiwa kwamba "unashusha sukari siku ya tatu tu".

Hapa mjini hawa watu wamejaa. Kuna wa vipaza sauti stendi, kuna wa WhatsApp wenye "tiba ya kudumu siku 21", na kuna wale wa koti jeupe wanaokushikisha fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, wakakuchapia karatasi ya magonjwa thelathini, na dawa ya yote thelathini iko nyuma ya mlango. Mgonjwa wangu mmoja alitoa laki mbili na nusu kwa fimbo hiyo, mwezi uleule alioniambia hana hela ya vijiti vya kupimia sukari. Mganga wa tiba asili anayefuata sheria amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwombe cheti. Akianza kukuhadithia ndoto aliyoota babu yake, ondoka.

Kesho unapokwenda kliniki, chukua mashine yako na daftari la vipimo, na viatu unavyotembelea uvivae. Kama ni ndala, muuguzi akukague nyayo na katikati ya vidole kabla hujatoka. Lile kopo la unga usilitupe. Lifunge kwenye mfuko uende nalo.