Nafanyiwa operesheni ya uvimbe wa kizazi, bosi anasema nitumie likizo ya mwaka. Mshahara wangu unakuwaje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nafanya kazi kiwanda cha kusaga na kufungasha unga hapa Kizota, huu mwaka wa tatu, mkataba wa maandishi hatujawahi kupewa ila NSSF wanakata. Mshahara ni 380,000 kabla ya makato, nikipata ovataimu nafika laki 4 na nusu. Nina uvimbe kwenye kizazi, nimepangiwa operesheni mwezi ujao, daktari kasema nikitoka nikae nyumbani wiki 6 nisinyanyue kitu kizito. Hospitali bima inalipa. Bosi kasema nichukue likizo yangu ya mwaka siku 28, zinazobaki hazina malipo, na kama naona shida niandike barua ya kuacha kazi, nikipona nirudi. Nina rejesho la vicoba 50,000 kwa mwezi, chumba Nkuhungu 60,000, watoto wawili. Nauza na ubuyu kidogo. Mume wangu ni mlinzi Ihumwa, je naye ana haki ya kupewa siku za kuniuguza? Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada, pole sana na Mungu akuvushe salama. Mimi ni afisa rasilimali watu, mishahara na likizo za watu ndo kazi yangu ya kila siku hapa Dodoma, na swali lako limeniuma kwasababu hiyo habari ya "andika barua ya kuacha kazi ukipona utarudi" naisikia sana, na wengi wanaandika kwa kuogopa tu.

Kwahiyo nianze na hilo: USIANDIKE. Ukiacha kazi kwa barua yako mwenyewe, malipo ya ugonjwa yamekufa hapohapo, na lile fao la kukosa ajira la NSSF nalo hulipati maana ni la aliyeachishwa sio aliyeacha kwa hiari yake. Na ahadi ya kurudi ni maneno ya mdomo, akishaweka mtu mwingine kwenye mashine yako utamdai nini? Hata wakikuletea karatasi wodini usaini, waambie unaisoma nyumbani kwanza.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, siku 63 za pili nusu mshahara. Wewe una zaidi ya miezi sita kazini kwahiyo umo. Wiki 6 ni siku 42, hata ukihesabu na Jumapili zote bado uko ndani ya zile 63, maana yake mshahara wako wote unatakiwa uingie na zinabaki siku 21 za mshahara kamili kama kidonda kitachelewa (hapo nahesabu kwamba hujatumia siku za ugonjwa huko nyuma, kama ulishaumwa ukapewa ED, yaani karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, basi siku hizo nazo zinahesabiwa humohumo). Likizo ya mwaka ni kitu kingine kabisa, na sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukutoa likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine unayostahili. Zile 28 zako zinabaki palepale.

Kuhusu mkataba wa maandishi usiogope, kukosa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi ni jukumu la mwajiri, na kukiwa na kesi akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Wewe kusanya ushahidi wako mapema ukiwa na nguvu: taarifa ya michango yako ya NSSF, meseji za mshahara kuingia kwenye simu au benki, kitambulisho, hata picha ya ratiba ya shifti iliyobandikwa ukutani.

Kitu kinachowapotezea watu hela kwenye hili jambo ni ED, wengi wakijua sheria wanadhani wamemaliza. Sheria inasema usipoleta cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa. Na hospitali zetu zinavyofanya ni hivi, daktari anakwambia kwa mdomo wiki 6, lakini karatasini anakuandikia siku 14 urudi kliniki akuone. Wewe umeshashika wiki 6 kichwani, siku ya kliniki imesogezwa mbele siku 4 maana daktari hayupo, unarudi anakuandikia nyingine 14 kuanzia siku hiyo, na zile siku 4 za katikati hazina karatasi. Bosi anayetafuta sababu anazikata hizo kama utoro, na utoro ni kosa la nidhamu kabisa. Kwahiyo kabla hujatoka wodini angalia karatasi ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, jina la daktari na sahihi, muhuri wa hospitali. Kliniki ikisogezwa omba ED ifike mpaka siku hiyo mpya, sio mpaka ile ya zamani. Ugonjwa wenyewe sio lazima uandikwe wazi, inatosha iandikwe amefanyiwa upasuaji na anatakiwa kupumzika, mambo ya kizazi chako hayawahusu watu wa stoo.

Barua iende kabla ya operesheni, fupi tu: nimepangiwa upasuaji tarehe fulani, naomba likizo ya ugonjwa kwa mujibu wa sheria, ED nitawasilisha nikitoka hospitali, nimeambatisha kopi ya karatasi ya miadi. Toa kopi mbili, moja waisaini kwamba wameipokea na tarehe, ubaki nayo. Wakikataa kusaini ipige picha umtumie bosi WhatsApp, usiongeze maneno ya ugomvi, acha ile meseji ikae pale na tarehe yake. Mwajiri akijipanga wiki tatu kabla hana hasira kama akishtukizwa, na mimi kwa niliyoyaona kazini mabosi wengi wanaogoma ni kwasababu hawaijui hiyo sheria, wakioneshwa kwa heshima wanakubali.

Haya tuje kwenye hela. Mshahara wako wa 380,000 ukitoa NSSF asilimia 10 (38,000) unabaki na 342,000 ya kukatwa kodi, kodi inaanza juu ya 270,000 kwa asilimia 8, hapo ni 5,760. Mkononi 336,240. Hiyo ndo ya kupangia bajeti, ile laki 4 na nusu isahau kabisa kwa miezi miwili, kwasababu ovataimu inalipwa kwa saa ulizofanya na wewe hujafanya, na posho za chakula na nauli kazini nazo mara nyingi hazilipwi ukiwa haupo. Hapa ndo watu wanashangaa, mshahara umeingia wote lakini nyumbani haufiki, kumbe walizoea kuishi na ovataimu. Kutoka 336,240 toa chumba na vicoba, 110,000, unabaki na 226,240 ya chakula, maji, shule na matibabu ya pembeni. Ikitokea umevuka siku 63 ukaanza kulipwa nusu, ni 190,000, NSSF 19,000, kodi hakuna, unapata 171,000, na ukitoa ile 110,000 unabaki na 61,000 tu. Ndo maana nakwambia mambo ya vicoba yamalize sasa hivi, usisubiri ifike huko.

Vicoba: nenda kwenye kikao kabla ya operesheni, mwenyewe, usitume mtu. Omba rejesho lisimame miezi miwili au ulipe riba peke yake, na uulizie mfuko wa jamii maana vikundi vingi vina huo mfuko kwa ajili ya msiba na ugonjwa na wanachama wenyewe wanasahau kwamba wamekuwa wakiuchangia. Kikundi kinamvumilia aliyekuja kusema mapema. Aliyekaa kimya marejesho mawili ndo wanamfuata kubeba tv. Mwenye chumba naye mwone mapema, kama una uwezo mlipe mwezi mmoja mbele kabla hujaingia hospitali, utalala usingizi.

Na bima ikilipa hospitali usidhani hutatoa hela. Kuna dawa utaambiwa haipo dirishani kanunue nje, kuna mgonjwa anayehitaji mtu wa kumlaza na kumwamsha na huyo mtu anakula na anatumia nauli, kuna kliniki. Na kliniki usiende na bodaboda kwenye yale makorongo ya Nkuhungu na kidonda cha tumbo, hapo ni bajaji kwenda na kurudi, iweke kwenye bajeti tangu leo. Ningekuwa wewe ningeanza kutenga kila ovataimu unayoipata mwezi huu, yote, iende kwenye hiyo pochi ya hospitali isiguswe.

Ubuyu wako usiuache ufe, ila hapa pana mtego: ukilala, mtaji wa biashara ndo hela ya kwanza kuliwa nyumbani, leo buku mbili ya mboga kesho buku tano ya gesi, ukipona hata kilo moja ya kuanzia huna. Mtaji nunulia mzigo kabla, mama au dada atakayekuja kukuuguza akae anafunga pakti, kazi ya kukaa hiyo, na mtoto mkubwa akitoka shule apeleke dukani kwa jirani. Wewe usikoroge sufuria kubwa na usinyanyue ndoo ya maji, hata ukijisikia vizuri wiki ya tatu. Wiki ya tatu ndo inadanganya watu, maumivu yameisha ila ndani bado hapajashika.

Kukopa kama itabidi, anzia kikundi chako au SACCOS. Mikopo ya kausha damu na hizi app zinazokopesha kwa dakika mbili kaa nazo mbali, mwaka 2024 Benki Kuu ilizitaja hadharani app kibao zilizokuwa zinakopesha bila leseni, wanakata riba mbele na ukichelewa wanawapigia watu wote kwenye simu yako. Mgonjwa hahitaji hiyo presha.

Ukirudi kazini, usirudi na karatasi ya "amepona" peke yake. Mwombe daktari aandike kama bado kuna kazi ya kukwepa, mfano asinyanyue mizigo kwa mwezi mmoja zaidi, maana nyie huko mifuko ya kilo 25 mnainyanyua siku nzima. Kwa hiyo karatasi omba uwekwe kwenye kushona mifuko, kupima au kuhesabu. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri aangalie namna ya kumsaidia mfanyakazi mgonjwa, ikiwemo kazi nyepesi, kabla hajafikiria kumwondoa.

Kama pamoja na hayo yote mshahara hautaingia, nenda kwa Afisa Kazi wa serikali kwanza na kopi zako, wakati mwingine simu yake moja inamaliza. Isipomaliza ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu namba 1, na angalia sana muda: madai ya mshahara siku 60 tangu tatizo lilipotokea, ila ukiachishwa kazi ni siku 30 tu. Mtu aliye kitandani siku 30 zinampita bila kujua, kwahiyo mwambie mume wako hiyo tarehe aishike yeye.

Na kuhusu yeye, hapa sheria inatubana. Siku 4 za dharura zenye malipo zinatolewa mtoto akiugua au akifariki, au kwa msiba wa mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa naye. Mke kuugua haimo. Kwahiyo aombe siku kadhaa kwenye likizo yake ya mwaka, aombe mapema, au abadilishane shifti na mwenzake awe analinda usiku zile siku za mwanzo ili mchana awepo. Kama mnaye mtu wa kulala na wewe wodini, yeye siku zake azitunze kwa wiki ya kwanza ukirudi nyumbani, hapo ndo utamhitaji zaidi kuliko hospitali ambako kuna manesi.