Maoni yako mtandaoni, wewe unayeanza kazi

Ukiajiriwa tu, wakubwa watakushauri ufunge mdomo mtandaoni. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayenyamaza miaka nenda rudi hakuna anayejua anawaza nini, na nafasi nyingi humfikia mtu kwa sababu kuna aliyesoma alichoandika. Cha kuangalia ni maoni yapi, na unayaandikaje.

Tuseme programu ya malipo imekuudhi. Unaweza kuandika: "Takataka tupu, walioitengeneza hawana akili." Au hivi: "Mtandao ukikatika katikati ya malipo, pesa inakatwa na risiti haitoki. Ukirudia, inakatwa tena. Wangezuia muamala wa pili mpaka ijulikane wa kwanza umeishia wapi." Yote ni maoni, na la pili ndilo kali zaidi, maana linaonyesha kosa lilipo. La kwanza limekutoa hasira, basi. La pili hata aliyeitengeneza atalisoma mpaka mwisho, na huenda akakutafuta. Nikipitia kurasa za waombaji kazi, sitafuti aliyekaa kimya. Natafuta anayeweza kupinga jambo bila kumtukana mtu.

Na usijidanganye kwamba wafuasi wako ni wachache, nani atajali. Mwaka 2013 mfanyakazi wa mawasiliano wa kampuni moja ya Marekani, mwenye wafuasi wasiofika 200 Twitter, aliandika mzaha kuhusu UKIMWI na Afrika, kisha akapanda ndege London kwenda Cape Town. Alipotua, watu duniani kote walikuwa wanamjadili, na kazi akaipoteza. Baadaye alieleza kwamba ilikuwa kejeli. Waliokuwa wanamfahamu labda waliielewa hivyo, lakini wasiomfahamu ndio waliokuwa wengi.

Ya zamani nayo hufukuliwa. Mwaka 2018 Disney ilimwachisha kazi mwongozaji wa filamu James Gunn kwa sababu ya mizaha aliyoiandika miaka mingi nyuma. Mwaka uliofuata ikamrudisha. Wewe unayeanza, usitegemee kurudishwa.

Lile tangazo la "maoni haya ni yangu binafsi" halikukingi na chochote, wala kundi la WhatsApp la watu sita si faragha. Skrinishoti moja inatosha.

Siasa na dini je? Hapo sina kanuni. Yapo mambo ambayo mtu mzima anayasema akijua yanaweza kumgharimu kazi, na namheshimu anayefanya hivyo kwa kukusudia. Ninaowasikitikia ni wale waliolipa gharama hiyo kwa kitu walichokiandika wakiwa kwenye foleni, bila hata kukiamini sana.

Leo hii fungua mkataba wako, utafute kifungu cha mitandao ya kijamii na cha siri za kampuni. Usipokielewa, muulize afisa rasilimali watu kwa barua pepe, ili jibu lake ubaki nalo kwa maandishi.