Chupa Ikiisha

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Ni badiliko gani dogo ulilolifanya nyumbani kwa ajili ya afya, na limekufikisha wapi?" Nililisoma nikiwa kwenye daladala ya kutoka Mtumba, na kabla sijashuka nilishajua kwamba jibu langu halitatosha kwenye mistari michache. Naomba mnivumilie.

Kazi yangu ni usafi wa ofisi. Nadeki korido, nasugua vyoo vya ghorofa mbili, nafuta meza na vioo. Kutwa nzima mikono imo kwenye dawa. Nikirudi nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, nilikuwa naanza upya kwa dawa za aina ileile, maana niliamini nyumba isiyonukia dawa haijasafishwa. Basi jioni moja namnawisha uso mwanangu wa mwisho, ana miaka minne, akakishika kiganja changu akakisogeza pembeni. "Mama, nitanawa mwenyewe. Mikono yako inakwaruza." Nikaenda kuitazama kwenye taa. Ncha za vidole zilikuwa zimepasuka mistari midogomidogo kama tope lililokauka la mbuga ya Bahi mwezi wa kumi, na ngozi ya kati ya kidole na kidole ilikuwa inabanduka. Nimefanya kazi hii miaka sita, na sikuwa nimewahi kukaa nikaitazama.

Usiku ule nilitoa kila dawa ya usafi iliyokuwa ndani nikaipanga mkekani. Zilikuwa saba: sabuni ya maji ya mtaani kwenye chupa ya juisi isiyo na maandishi yoyote, sabuni ya unga, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, dawa ya kusafishia choo, ya kupuliza vioo, ya kunukisha sebule, na ya mbu. Binti yangu mkubwa yuko hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Yeye akawa anasoma maandishi ya nyuma, mimi nasikiliza. Ya choo ilikuwa na asidi ya haidrokloriki. Akaniambia asidi hiyo ikikutana na ile ya nguo nyeupe hutoa gesi ya klorini, gesi inayounguza koo na mapafu.

Nilinyamaza, maana nilishaiona. Mwenzangu mmoja kazini alimwaga ya choo, akaona haijang'arisha, akaongeza ya pili juu yake, kwenye choo chenye kidirisha cha kiganja kimoja. Tulimtoa anakohoa machozi yakimtoka, hakuweza kurudi kazini siku mbili. Wote tulisema ni ukali wa dawa. Hakuna aliyetuambia kwamba ni dawa mbili zisizotakiwa kukutana.

Binti akanisomea pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, uliotoka mwaka 2018. Walifuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20, wakaona kwamba wanawake wanaofanya usafi, awe wa nyumbani kwake au wa kuajiriwa, uwezo wa mapafu yao hushuka haraka kuliko wa wasiofanya. Mimi nafanya wa kote kuwili. Nilitaka kuzitupa zote saba papo hapo.

Binti ndiye aliyenizuia. Utazitupa wapi, mama? Kwenye shimo la choo? Na hela uliyonunulia? Tukakubaliana hivi: hakuna cha kutupwa, ila chupa ikiisha hainunuliwi nyingine mpaka tukae tuulizane ilikuwa inafanya kazi gani hasa, na kama ndani ya nyumba tunacho kitu kingine cha kuifanya kazi hiyo. Chupa moja, kikao kimoja. Hilo ndilo badiliko langu dogo. Limechukua mwaka na miezi, na nadhani lingekuwa la wiki moja lisingedumu.

Ya kwanza kuisha ilikuwa sabuni ya maji. Simlaumu mama aliyekuwa akiniuzia, anasomesha watoto kwa sabuni ile. Lakini mimi sikujua kilichomo wala kipimo chake. Nikachukua sabuni ya mche, nikaikwangua nusu kipande, nikaimwagia lita mbili za maji ya moto, ikalala ikawa uji mzito. Nikafurahi. Asubuhi naoshea vyombo: povu hakuna, na juu ya beseni umetanda ukoko wa kijivu, sahani zinateleza kama zimepakwa mafuta.

Aliyenitoa hapo ni mama mkwe. Alikuja kutoka Chamwino kutibiwa, akaniona nahangaika na beseni, akasema kwa upole, "Mwanangu, haya maji ni ya chumvi. Tia magadi." Magadi! Mgogo gani hana magadi jikoni? Ndiyo tunayolainishia mlenda. Wenyeji mnayajua maji yetu ya visima hapa Dodoma: ukioga nywele zinakakamaa, ukichemsha yanaacha weupe. Weupe huo ni kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ya mche ikikutana navyo hushikana navyo ikawa ule ukoko, isibaki sabuni ya kuosha. Magadi huvikamata kabla. Nilitia kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo ya lita 20 jioni, nikafunika. Asubuhi chini pamelala tope jeupe laini, juu maji maangavu. Nikayachota taratibu kwa kata bila kutibua. Sabuni ileile, kipande kilekile, povu likajaa mpaka kwenye kiwiko. Siku hizi ndoo ya magadi ni ya kila jioni kuanzia Mei mpaka Novemba. Mvua zikianza Desemba natega ya bati, hayo hayahitaji kitu.

Nayashika kwa glavu, maana magadi nayo hukausha ngozi. Kitu cha asili kinaweza kukuunguza vilevile, hilo nalisema kwa sababu nimeona watu wanaamini kila kitokacho jikoni ni salama. Nilichemsha matambara ya jikoni kwa magadi ndani ya sufuria ya alumini, ikatoka nyeusi tititi ndani. Mama mkwe akacheka, akaniagiza ukwaju. Nikachemshia maji ya ukwaju humohumo robo saa, weusi ukatoka, ikang'aa kama ya dukani. Maganda ya limau yanafanya hivyohivyo. Uchachu unaondoa weusi ule, magadi yanauleta. Tangu siku hiyo matambara nayaloweka kwenye ndoo ya plastiki.

Hapo nikaanza kuelewa kwamba vitu hivi vina makundi mawili, vichachu na vya upande wa magadi, na kila kundi lina kazi yake. Siki ni chachu. Birika letu la umeme lilikuwa na gamba la kupasuka kwa kisu. Nilitia siki nusu na maji nusu, nikachemsha, nikaacha lipoe. Nilipolifungua, gamba lilikuwa linabanduka vipande vyembamba kama maganda ya yai, na kwa kweli ni kitu kilekile: chukua ganda la yai ulilaze kwenye siki, kesho yake utalikuta limelainika. Nikamimina, nikachemsha maji matupu mara mbili nikamwaga, ndipo nikapika chai. Birika linachemka upesi sasa.

Nikanogewa, nikaipeleka siki sakafuni. Sebule yangu ni simenti. Nilipoimwaga niliisikia inachemka, vipovu vidogovidogo, na nilipopangusa pakabaki doa lililokwaruzika ambalo lipo mpaka leo karibu na mlango. Siki inakula simenti, na terazo, na marumaru, kama ilivyokula gamba la birika. Sakafu nadekia maji ya magadi na sabuni kidogo tu.

Na kuna ule ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu, changanya siki na bekingi soda, ona linavyochemka. Nimeufanya. Linachemka sana, linapendeza kulitazama, lakini vile viwili vinamalizana vyenyewe, na kinachobaki kwenye chupa ni maji yenye chumvi kidogo. Bekingi soda peke yake inasugua vizuri masizi ya jiko na kutoa harufu kwenye friji. Siki peke yake, robo kwa robo tatu za maji, inafuta vioo kwa gazeti la zamani. Ila kwa vumbi letu la Agosti na Septemba, futa kwanza kwa kitambaa kikavu, la sivyo utapaka udongo mwekundu dirisha zima.

Dawa ya klorini sikuiacha, na naomba wasomaji wenzangu wanielewe hapa. Siki haiui vijidudu vyote, na si ya kutegemewa mbele ya kipindupindu. Mtu akiharisha au akitapika ndani, klorini ndiyo kazi yake. Kwangu ipo, moja, juu ya kabati, inatumika na maji peke yake, madirisha wazi, na haikutani na siki, wala limau, wala dawa ya choo. Ile ya choo ilipokwisha hatukuinunua tena: brashi, sabuni, na siki ya kulala usiku kucha kwenye mistari ya chumvi, na siki yenyewe inasuuzwa kwanza kabla klorini haijaletwa karibu. Kila chupa ina plasta yenye jina kwa kalamu ya wino mzito. Chupa za juisi na soda nimezipiga marufuku kwa kuwekea chochote kisichonyweka, kwa sababu mtoto wa miaka minne hasomi plasta, anaangalia umbo la chupa.

Ya kunukisha sebule ilipoisha kikao kilikuwa kifupi. Tulifungua madirisha.

Sikutarajia kwamba kusoma maandishi ya nyuma kungekuwa mazoea. Mkono ulizoea kugeuza kitu kabla ya kukilipia. Siku moja dukani nikageuza soda ya mililita 350 ninayomnunulia mwanangu kila Jumapili, nikakuta gramu 37 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi za sukari ya kuongeza kwa siku, na nusu yake ni bora zaidi. Kijiko cha chai ni kama gramu nne. Mimi nilikuwa natia vijiko vinne kila kikombe, vikombe vitatu. Hesabu hiyo niliifanya nimesimama dukani, muuzaji ananiangalia. Tukaitendea sukari kama tulivyotendea chupa: tulikuwa tunanunua kilo mbili kwa wiki mbili, mfuko ulipokwisha tukanunua kilo moja na nusu kwa siku zilezile, kisha moja. Mume wangu alilalamika wiki ya kwanza ya kila hatua, ya pili akasahau. Jumapili ni maji ya ubuyu, naukoroga mwenyewe.

Kilichonigusa zaidi kimetokea kwa mama mkwe. Alikuja kwa sababu ya presha. Nesi wa zahanati alimwambia apunguze chumvi, isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, chakula chote. Akapunguza kwa uaminifu. Lakini kila jioni mlenda wake ulikuwa na magadi ya kutosha, na magadi nayo ni sodiamu, kitu kilekile cha kwenye chumvi kinachopandisha presha. Sikujua nimwambieje. Ni mkubwa wangu, na magadi hayo ndiyo aliyonifundishia kuosha. Nikasubiri tumekaa tunachambua mboga, nikamwambia, "Mama, yale magadi uliyonionyesha yanavyokamata chumvi ya maji, binti anasema yenyewe yana chumvi ya aina yake, na presha haiipendi." Akanyamaza muda mrefu anachambua. Kisha akauliza, "Na mlenda utavutaje?" Tukajaribu bila magadi, tukaongeza bamia. Unavuta. Akasema si uleule, lakini unashuka. Wiki ile alilitoa mwenyewe kopo lake la magadi jikoni, akalipeleka nje kwenye karo, karibu na ndoo. Liko huko mpaka leo.

Mikono yangu ilichukua kama miezi mitatu, na kazini nimeomba glavu, tumepewa. Mipasuko imefunga. Mwanangu bado anataka kunawa mwenyewe, lakini sasa ni kwa sababu amekua.

Katika zile saba, ukiacha klorini, imebaki moja ya kukaliwa kikao, dawa ya kupuliza mbu. Ina robo. Chandarua tumeshakitundika, na fundi wa nyavu za madirisha anakuja Jumamosi.