Maganda ya ndizi na risasi katika maji ya kisima
Umeuliza iwapo unga wa maganda ya ndizi yaliyokaushwa unaweza kuondoa madini ya risasi katika maji ya kisima. Unga huo unaweza kunasa sehemu yake, kwa sababu pektini na selulosi zilizomo, yaani vitu vinavyojenga kuta za seli za mmea, zina vikundi vya kikemikali ambavyo, vikiachia haidrojeni, hubaki na chaji hasi inayovuta ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za metali zenye chaji chanya. Ndiyo maana katika maji yenye asidi kali, ambamo ioni za haidrojeni hugombea nafasi hizo hizo, uwezo huo hushuka sana. Mwaka 2011 watafiti wa Brazili walichapisha matokeo ya kunasa shaba na risasi kutoka maji ya mto Paraná kwa maganda hayo. Hata hivyo, nakusihi usiwape watoto maji ya kisima uliyoyasafisha kwa maganda kabla hayajapimwa maabara, kwani kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 tu za risasi kwa lita, na maganda yenyewe huweza kuachia rangi na harufu majini. Kuchemsha hakuondoi risasi hata kidogo. Unga uliokwisha kutumika, ambao sasa umebeba sumu hiyo, usiumwage kamwe kwenye bustani ya mboga.