Jua Mpaka wa Msitu Wako Kabla Mabati Hayajafika

Jioni nilipita njia yangu ya kila siku kando ya Msitu wa Barabara ya Ngong. Asubuhi nikakuta ua wa mabati mapya, na nyuma yake mti mkubwa wa muhugu umelazwa chini, kisiki bado kibichi.

Tulikusanyika majirani kama thelathini, tukapaza sauti. Askari akatuuliza swali moja tu: "Mpaka wa msitu uko wapi?" Hakuna aliyejua. Tukarudi nyumbani tumeinamisha vichwa.

Nairobi ilihesabu watu milioni 4.4 katika sensa ya 2019, na kila kipande cha ardhi kina mwenye kukitamani. Msitu humegwa ukingoni, pale ambapo kila mpita njia hudhani ni ploti ya mtu. Kwa hiyo anza na mpaka. Nenda kwa wapima ardhi wa serikali kule Ruaraka, utafute ramani, kisha uifuate kwa miguu, bikoni hadi bikoni, yaani zile alama za mpaka zilizosimikwa ardhini. Tena usiende bila akina mama wanaookota kuni. Sisi wa magorofani tulikuwa tukiwaita waharibifu, na ninajuta. Bikoni iliyokuwa imefukiwa kwa udongo wa lori ilifukuliwa na mmoja wao, kwa panga, huku akituambia ilipotea wiki gani.

Halafu andika. Piga picha zenye tarehe, peleka barua nakala mbili, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri. Ofisi moja ilituambia karatasi za mwenye mabati ni safi. Tulipoomba watuandikie hivyo, wakanyamaza.

Usiogope sheria, ni yako. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Na kwa Sheria ya Misitu ya 2016, mpaka wa msitu wa umma haubadilishwi kwa barua ya ofisa; lazima jambo lifike Bungeni.

Watu wakitaja Karura, msitu mwingine wa Nairobi, humkumbuka Wangari Maathai, aliyepigwa hadi kutoka damu alipokwenda kupanda miti huko Januari 1999. Deni letu kwake ni kubwa. Lakini hekta zile zaidi ya 1,000 zimelindwa pia na kazi isiyopigwa picha: wakazi waliounda chama mwaka 2009, ua uliozungushwa, njia zilizosafishwa hadi familia zikaacha kuogopa kuingia. Msitu wenye watu kila asubuhi hauna kona ya kuiba.

Mabati yetu yalirudishwa nyuma hatua arobaini, baada ya miezi saba. Muhugu ulikuwa umeshakwenda. Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, tunazitembelea bikoni zetu kumi na moja na kuzifyekea nyasi zionekane kutoka njiani.