Mbona kilo za dashibodi zinazidi za ghalani?

SWALI: Dada, shikamoo. Nafanya kazi kwa mnunuzi mmoja wa kahawa hapa Moshi. Data zetu zinatoka sehemu tatu: mafaili ya Excel ya vituo vya kupimia (Uru, Kibosho, Machame na Rombo), programu ya uhasibu ya ofisini, na orodha za mauzo ya mnadani. Kazi yangu ni kuzichukua na kuzipakia usiku kwenye mfumo wa uchambuzi ili bosi azikute asubuhi kwenye dashibodi. Kila wiki kilo za dashibodi zinazidi za ghalani, na bosi ameshaanza kusema mfumo ni mbovu. Je, nipakie zote upya kila usiku, au zile mpya tu? Vituo vyote kwa msimu mzima havizidi mistari 40,000. — Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hilo la zote au mpya nitalifikia. Kwanza niambie, hizo kilo unazolinganisha ni za kahawa gani? Vituoni mnapima kahawa iliyokauka ikiwa bado na ganda la ndani. Ghalani mnapima iliyokwisha kukobolewa. Kilo 100 zikipita kiwandani zinatoka takriban 80. Kama zote umezitia kwenye kolamu moja iitwayo "kilo", dashibodi itazidi ghala hata kama hakuna mstari uliokosewa. Weka kolamu mbili, kila moja na jina lake kamili, na usiruhusu zijumlishwe pamoja. Mnadani napo pana mtego kama huo: bei ikitajwa kwa dola kwa kila kilo 50, kumbuka gunia la kusafirishia hubeba kilo 60. Anayezidisha bei kwa idadi ya magunia anapunguza mapato kwa sehemu moja ya sita.

Sasa tuje kwenye makosa yanayotokana na upakiaji wenyewe. Hapa nina kovu langu. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kama yako kwa mnunuzi mmoja Arusha. Usiku mmoja umeme ulikatika upakiaji ukiwa katikati. Asubuhi nikaona haukumalizika, nikaanzisha upya, nikaenda kunywa chai. Stakabadhi za siku nane zikawa zimeingia mara mbili. Meneja akaangalia dashibodi, akamwahidi mteja wa nje kahawa ambayo haikuwapo ghalani. Nilishinda siku mbili sakafuni na madaftari ya mizani, nikifuata stakabadhi moja baada ya nyingine kwa kidole. Tangu hapo sikubali kupakia kitu ambacho siwezi kukipakia tena mara kumi na jumla ikabaki ile ile.

Ili ufike hapo, kila mstari lazima uwe na utambulisho wake. Namba ya stakabadhi peke yake haitoshi, kwa sababu Kibosho na Machame wote wana stakabadhi namba 0001. Unganisha msimu, kituo na namba. Na hiyo 0001 isome kama maandishi tangu mwanzo, maana ukiisoma kama tarakimu inabaki 1, na siku karani mwingine akiandika 0001 kama maandishi utapata mistari miwili ya stakabadhi moja.

Halafu usipeleke data moja kwa moja kwenye majedwali anayosoma bosi. Tenga jedwali la kupokelea ambamo faili la kituo linaingia kama lilivyokuja, na makosa yake yote, pamoja na jina la faili na saa lilipoingia. Usafi ufanyike baada ya hapo. Ukigundua mwezi ujao kwamba ulisafisha vibaya, mali ghafi bado unayo, hupigi simu Rombo kumwomba karani faili alilokwisha kulifuta.

Tarehe uziangalie kwa macho yako. Fungua faili moja moja: Excel huegemeza kulia tarehe iliyoitambua, na kuegemeza kushoto kilichobaki maandishi. Ukikuta tarehe 1 hadi 12 ziko kulia, na kuanzia 13 ziko kushoto, kompyuta ya kituo hicho imewekwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. Wengi hukimbilia kurekebisha zile za kushoto. Zilizoharibika ni zile zilizokaa vizuri kulia: 03/08 ya kwenu, yaani tarehe 3 Agosti, imekuwa tarehe 8 Machi, na kahawa ya Agosti inahesabiwa mwezi mwingine bila mtu kushtuka.

Haya, zote au mpya? Kwa mistari 40,000, pakia msimu mzima upya kila usiku. Ni kazi ya dakika chache. Kufuta na kupakia vifungwe kuwa tendo moja, umeme ukikatika katikati majedwali yarudi yalivyokuwa. Faida nyingine ni kwamba stakabadhi iliyofutwa kituoni itatoweka na kwako. Anayechukua mpya tu hawezi kuona kilichofutwa.

Programu ya uhasibu, yenye miaka mingi ndani, ndiyo ya kuchukua mabadiliko tu. Fuata saa mstari ulipobadilishwa, usifuate tarehe ya muamala, kwa sababu hati ya wiki iliyopita inaweza kuingizwa leo. Na kila usiku rudi nyuma siku saba, upate waliochelewa. Kama seva inatumia saa za UTC, yaani saa za rejea za kimataifa, kumbuka sisi tuko mbele kwa saa tatu: kazi inayoanza saa nane usiku, kwa seva bado ni saa tano usiku wa jana yake, na "jana" ya seva ni juzi yako.

Kila usiku andika mistari iliyosomwa, iliyopakiwa na iliyokataliwa, na jumla ya kilo za kila upande. Iliyokataliwa iwe na jedwali lake, pamoja na sababu. Usiku ambao hesabu haikufunga, dashibodi ibaki na namba za jana na tarehe yake iandikwe juu, bosi aione.

Anza na Uru peke yake. Chukua daftari la mizani la wiki moja, lilinganishe na jedwali la kupokelea stakabadhi kwa stakabadhi, kisha uniandikie ulichokuta.