Maswali ya Baiskeli Porini: Njia Ina Wenyewe

Maswali yamekuja mengi mwezi huu na karibu nusu ni lile la ninunue baiskeli gani, nshalijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo nalimaliza hapa juu halafu twende kwa yenye maana.

Nina elfu ishirini, ninunue baiskeli gani ya porini? (Kisauni)

Ya mtumba, inayolingana na urefu wako, yenye breki zinazokamata. Ipindue juu chini uangalie pale walipochomelea vyuma, ukiona ufa hata mwembamba kama unywele iache hapo hapo hata kama rangi inang'aa. Basi, swali hili limefungwa.

Sisi vijana wanane tumeona msitu mzuri sana huko juu Rabai, tunataka kufyeka njia yetu wenyewe tuweke na vilima vya kurukia. Tubebe vifaa gani? (Nyali)

Msibebe chochote. Hayo mapanga yaacheni nyumbani.

Huo msitu mliouona, mmeuliza ni wa nani? Miti mikubwa iliyobaki kwenye vilima vya Rabai na Kaloleni mpaka Kwale, mingi ni kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ndiyo maana bado imesimama na pembeni kote ni mahindi na minazi. UNESCO waliweka baadhi ya kaya hizo kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wazee walikuwa na sheria zao zamani sana kabla ya hapo, hukati mti, hutoi kitu, huingii bila ruhusa. Kaya Kinondo kule karibu na Diani wanapokea wageni, na hata pale mgeni anafungwa kaniki nyeusi kiunoni na anatembea na mwenyeji. Sasa nyinyi mnataka kuingia na majembe mchimbe vilima vya kurukia! Jamani.

Na hata kama si kaya, njia ziko tayari, tele. Zimefunguliwa na miguu ya kina mama wanaoteka maji na watoto wa shule na ng'ombe, na ukiziangalia vizuri utaona zinakwepa mahali maji yanasimama na zinazunguka mawe makali, kwa sababu aliyezifungua alikuwa na mzigo kichwani na hakutaka kuanguka. Hamtaweza kuchora bora kuliko hivyo. Pandeni hizo hizo, mkimuona mtu mbele pigeni kengele mapema, shukeni, salimieni, mpisheni yeye kwanza.

Nasema kwa uchungu manake nimewahi kukosea mwenyewe. Mwezi wa tano mwaka mmoja tulipita watu kumi na moja kwenye njia ya udongo mwekundu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, tairi zikazama na tukaacha mifereji mpaka chini ya kilima. Niliporudi baada ya wiki mbili jua lilikuwa limeikausha ikawa ngumu kama simiti. Nikamkuta bibi mmoja na jerikeni ya lita ishirini kichwani, mguu mmoja uko juu ukingoni mwingine uko ndani ya mfereji, kila hatua anapapasa kwanza kwa kidole gumba ndio akanyage. Akanisalimia vizuri tu, akaniuliza nyumbani hawajambo. Sikuwa na pa kuweka macho. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha siingii udongo mwekundu mpaka ukanyage usione alama ya kiatu, na kipindi cha masika, Aprili mpaka Juni, napanda zaidi lami na njia za mchanga. Wenzangu wananiona muoga, sawa.

Naweza kuingia Arabuko-Sokoke peke yangu na baiskeli? Gugo inaonyesha njia nyingi. (Kilifi)

Peke yako usiingie. Pita kwanza ofisi ya msitu pale Gede kwenye barabara kuu ya Malindi, lipa, ulizia njia gani iko wazi siku hiyo, na uchukue mwenyeji wa kukuongoza. Msitu ule una kama kilomita za mraba 420 na ndani kuna ndovu. Ile ramani ya simu inakuonyesha mstari tu, haijui kama jana ndovu wamelala pale.

Na ujue msitu huu haufanani pote, wengi wanaharibu siku yao kwa kutojua hili. Upande wenye miti ya mirihi ardhi ni mchanga mweupe, miti imeachana, mwanga unaingia, inapendeza sana kwa macho lakini tairi nyembamba inazama na utasukuma baiskeli kama mkokoteni. Ukiingia upande wa udongo mwekundu vichaka vinabana, njia inakuwa ngumu na ya haraka, ndio hapo watu wanasahau breki. Kwa mchanga punguza upepo wa tairi mpaka ukibonyeza na dole gumba linaingia kidogo, kaa nyuma kwenye kiti, gia nyepesi, na usikate kona ghafla.

Ingia alfajiri na pole pole. Kuna mnyama mdogo pale, kama panya mkubwa mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, karibu wote waliobaki duniani wako msitu huu. Anatifua majani makavu chini kutafuta wadudu, ukipita mbio na spika ya muziki kwenye hendeli hutamuona maisha. Na hizo spika mimi nazichukia, niseme wazi. Ndovu pia anataka kukusikia wewe na wewe unataka kumsikia yeye.

Shimba Hills je, tunaruhusiwa kuzunguka na baiskeli ndani? (Likoni)

Kwenye ndovu na nyati usijiingize na baiskeli kwa kubahatisha, uliza getini na wakikuambia hapana usibishane na askari, kazi yake ni kukurudisha nyumbani mzima. Mkitaka kilima tu, panda ile barabara ya Kombani kwenda Kwale, mapafu yatakuambia yenyewe, na palahala, wale swala wakubwa weusi, nendeni mkawaone siku nyingine kwa gari, manake Kenya hii ndiko wanakopatikana porini.

Kila nikienda nje ya mji napata pancha tatu. Nimebadilisha tyubu mara nyingi. Shida nini? (Mtwapa)

Shida ni mwiba wa kwanza bado uko ndani ya tairi. Fundi anaziba tyubu anakurudishia, na mwiba umekaa pale pale unakusubiri. Toa tairi, pitisha vidole ndani taratibu mzunguko wote, mara nyingi utagusa kincha kidogo kimejitokeza kama punje ya chumvi, kivute kwa ukucha au kwa koleo. Halafu tia dawa ya pancha. Bebeni pampu na tyubu ya akiba, mtu anayetoka Mtwapa kuingia vichakani bila pampu simhurumii.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja miaka 8 mwingine 11, tunakaa Bamburi. Tuanzie wapi? (Bamburi)

Dada yangu, swali zuri kuliko yote. Uko karibu kabisa na msitu uliopandwa kwenye machimbo ya zamani ya simiti, uliza getini saa za kufungua na bei. Pale palikuwa jangwa la mawe ya matumbawe, hakuoti kitu, mpaka René Haller, mtaalamu wa kampuni ya simiti, alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani ya mvinje yakawa yanaanguka hayaozi, wakaletwa majongoo wakayala, kinyesi chao ndicho kikaanza kuwa udongo. Waonyeshe watoto hao majongoo, wafundishe wawazunguke wasiwakanyage na tairi. Njia ni tambarare, kuna kivuli, hakuna matatu. Helmeti kwa wote watatu, na wewe pia, mtoto anaiga.

Naenda kusoma Uingereza mwezi wa tisa, kusini mwa London. Huko kuna njia za porini? (Tudor)

Ziko nyingi na nzuri. Kusini kule kuna nyika za vichaka vifupi kwenye ardhi ya mchanga, mwezi wa nane zinachanua rangi ya zambarau, na katikati yake misitu ya misonobari. Surrey Hills iko karibu na wewe. Swinley Forest wametengeneza njia maalumu za baiskeli zenye rangi, kijani ni rahisi, buluu ni ya kati, nyekundu ni ngumu, anza na buluu hata kama unajiona bingwa wa Mazeras.

Sheria zao zisome. Kuna njia ya miguu tu, na kuna njia ya farasi ambayo baiskeli imeruhusiwa tangu sheria ya mwaka 1968, na mwenye baiskeli anatakiwa ampishe mtembea kwa miguu na mpanda farasi. New Forest unapita njia zilizowekewa alama peke yake, si kila kijia unachokiona. Kuanzia Machi mpaka Julai kuna ndege wanaotaga chini kabisa kwenye vile vichaka, ukitoka nje ya njia unakanyaga mayai bila kujua. Unaona ni yale yale niliyowaambia vijana wa Nyali, kwenda mbali hakubadilishi kitu. Ukirudi nyumbani jikague kupe kwenye mapaja na nyuma ya magoti, kupe wa kule wanaleta ugonjwa wa Lyme, usipuuze.

Nikiumwa na nyoka porini nifunge kamba juu ya jeraha? (Changamwe)

Hapana! Usifunge, usikate, usinyonye. Vua pete na saa kabla hujavimba, usitembetembee, kaa tuli wenzako wakubebe wakupeleke hospitali. Mwenye kuogopwa njiani ni moma, halikimbii, linalala tu katikati limefanana na majani makavu, kwa hiyo ukisimama kupumzika angalia kwanza unapoweka mguu. Na upupu nao, ukiwa na manyoya ya dhahabu kwenye maganda usiuguse hata kwa gloves, utajikuna mpaka ferry.

Cheni yangu inashika kutu kila wiki na ninaiosha kila siku. (Old Town)

Unaiosha halafu unaiacha imelowa, tena karibu na bahari. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ifute kwa kitambaa mpaka kitambaa kisitoke na maji, acha nusu saa kivulini, ndio utie oili tone moja kwa kila pini, zungusha pedali, futa ya juu yote. Oili iliyobaki nje inakamata mchanga tu na mchanga unakula cheni.